Mita 60 Kutoka Mtoni: Nani Anakaa Juu ya Maji Yako?

(Mazungumzo ya afisa afya mbele ya klabu ya afya ya shule moja ya sekondari mjini Morogoro. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali matatu ya wanafunzi.)

Naona wa nyuma kule bado wanagombania mabenchi. Kaeni tu popote, leo hakuna mtihani.

Mwalimu wenu aliniandikia barua nije kuzungumza juu ya kipindupindu. Nimekuja nacho, lakini leo nitakipitisha njia ya mlimani. Kila mwaka sisi watu wa afya tunakuja shuleni tunawaambia nawa mikono, chemsha maji, funika choo. Hayo mnayajua, mnaweza hata kuyaimba. Na ni ya kweli. Mwaka 1997 nchi yetu iliandikisha wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na waliokufa walipita 2,200. Agosti 2015 kikaanza tena Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi, na kilipokuja kupungua miaka kadhaa baadaye wagonjwa walikuwa wamepita 30,000 na waliokufa wamepita 500. Kwa hiyo sabuni na sufuria tusiziache. Ila kuna swali moja ambalo hatuwaulizi: kabla maji hayajafika kwenye bomba lenu pale nje, yamepita kwa nani na nani?

Nyumbani kwenu wengi mnakinga maji ya mvua. Kuna bati, kuna mfereji, kuna pipa au simtanki. Sasa niambieni: kuku wakilala juu ya bati, na popo wakikaa darini, utasafisha pipa mara ngapi ili maji yawe safi? Utalisugua mpaka mkono uchubuke, mvua ikinyesha uchafu uko palepale. Bati ndilo linaloamua. Basi kila mto na kila bwawa lina bati lake. Bati la Bwawa la Mindu ni ile ardhi yote ambayo mvua ikinyesha, maji yake yanatelemka kuelekea mto Ngerengere na vijito vinavyoingia bwawani. Wataalamu wa maji wanaliita eneo hilo kidakio, kwa sababu ndilo linaloidaka mvua. Bati hilo halikai darini, limelala chini, na juu yake kuna watu. Kuna mashamba, kuna ng'ombe, kuna vyoo, kuna gereji, kuna shule, na kila mwaka vinaongezeka viwanja vipya.

Tazameni huo mlima dirishani. Milima ya Uluguru inanywesha mji huu, na mto Ruvu unaoanzia hukohuko ndio unaonywesha Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, wa Ruvu Chini mwaka 1976, na mpaka leo jiji lile linautegemea mto huo huo kuliko chanzo kingine chochote. Mmesikia? Mamilioni ya watu wanaoishi pwani wanakunywa maji ambayo usafi wake unaamuliwa na mtu anayelima mteremko wa Mgeta au Matombo, ambaye pengine hajawahi kufika Kariakoo.

Sasa maji yenyewe yanaharibikaje? Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanadhani ni suala la takataka kutupwa mtoni. Takataka unaziona. Mambo makubwa huyaoni.

Mvua ikinyesha msituni, inaangukia majani kwanza, halafu inashuka polepole kwenye udongo ulio laini kama godoro. Udongo ule unanyonya. Maji yanazama, yanasafiri chini kwa chini, yanatokea kwenye chemchemi baada ya wiki au miezi, na huko njiani udongo umeyachuja na vijidudu vingi vimekufa. Ndiyo maana vijito vya mlimani vinatiririka hata Septemba wakati huku chini kumekauka. Kata msitu, lima mteremko mtupu, mvua ile ile itapiga udongo kama nyundo. Maji hayazami, yanakimbia. Yanakimbia na udongo, na mbolea, na dawa ya kupulizia nyanya, na kila kilichoachwa vichakani. Masika mto unakuwa kama chai ya maziwa, na kiangazi unakuwa kijito cha kuruka.

Halafu jenga. Bati, saruji, lami na uwanja uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu, vyote hivyo maji hayapiti. Wataalamu wengi wa mito wanasema vijito huanza kuonyesha dalili za kuugua pale eneo lililozibwa namna hiyo linapofika kama asilimia 10 tu ya kidakio. Asilimia 10! Hata mtaa wa kawaida wa mjini umepita hapo mbali sana.

Na kila nyumba ina choo. Kwetu sehemu kubwa ni vyoo vya shimo. Choo cha shimo kilichochimbwa mahali pazuri, maji ya ardhini yako mbali chini, si kitu kibaya, nawaambieni wazi. Udongo unafanya kazi ya kuchuja. Lakini ukichimba karibu na mto, kwenye udongo wa kichanga, maji yako mita mbili tu chini, hapo hukuchimba choo, umechimba kisima cha kinyesi kinachoungana na mto. Mvua kubwa ikija shimo linajaa, na wapo wengine, samahanini walimu, wanaosubiri hiyo mvua makusudi wafungulie.

Mtaniambia: si kuna mtambo wa kusafisha maji? Upo, na watu wake wanafanya kazi. Wanatia shabu ili tope ligande na kutuama chini, wanachuja kwa mchanga, kisha wanatia klorini. Lakini fikirini kama wanasayansi, mko kidato cha tatu sasa. Klorini haichagui, inashambulia kila kitu cha asili ya mimea na wanyama kilichomo majini, kwa hiyo maji yakiwa machafu sana dawa inaishia kwenye uchafu kabla ya kumaliza vijidudu. Tope nalo linawaficha vijidudu, wanajibanza ndani ya chembe zake. Na wako wengine klorini haiwatishi kabisa. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee, Marekani, kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kilipenya kwenye mtambo wa maji, na watu wanaokadiriwa kufika 400,000 wakaharisha. Mji tajiri, mtambo upo, umeme haukatiki. Kwa hiyo msije mkadhani mtambo ni uchawi. Mtambo unafanya kazi vizuri pale maji yanayouingia si machafu kupita kiasi, na kila tope likizidi shabu inazidi, na bili inazidi, na anayelipa ni mama yako.

Ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au shughuli yoyote ambayo kwa asili yake inaweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe wa bahari. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inautaja ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inampa waziri uwezo wa kutangaza maeneo maalumu ya kuhifadhi vyanzo. Na zile sheria mbili za 2007, ya mipango miji na ya mipango ya matumizi ya ardhi, zinaipa halmashauri na kijiji kazi ya kukaa chini na kuigawa ardhi yao: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa hapaguswi. Kazi ya kugawa ndiyo ya maana kuliko zote, na ndiyo isiyosemwa redioni. Redioni mnasikia mita 60 tu.

Mita 60 ni nini? Ni pungufu kidogo ya upana wa uwanja wa mpira. Simama kwenye mstari wa pembeni, mto uwe upande wa pili wa uwanja. Katikati pawe na miti, matete, mabingobingo, nyasi ndefu. Maji ya mvua yakitelemka kutoka kwenye nyumba, yanakutana na nyasi, yanapunguza mwendo, yanaacha tope, yanazama. Nyasi zinafanya kazi ya chujio bure, hazidai mshahara wala umeme. Hiyo ndiyo maana ya ukanda.

Lakini mimi nina neno langu juu ya hiyo 60. Ni namba rahisi kukumbuka, na sheria inahitaji namba rahisi, sawa. Ila maji hayajui futikamba. Mteremko mkali wa Uluguru unahitaji zaidi ya mita 60, kwa sababu maji yana kasi. Mahali pa mawe ya chokaa yenye nyufa, kama sehemu nyingi za Unguja, uchafu unaweza kusafiri mbali kwa siku chache tu bila kuchujwa. Wajerumani wanapima kwa namna nyingine wanapolinda visima vya mji: wanauliza tone la maji litachukua siku ngapi kutoka pale lilipozama mpaka kisimani, na ndani ya mstari wa siku 50 hawaruhusu mambo kama kujenga nyumba mpya au kumwaga samadi ya maji. Siku 50, si mita 50. Wamechagua hivyo kwa sababu vijidudu vingi vya magonjwa vikikaa ardhini muda huo vinakuwa vimekufa. Naona ni akili sana. Na sisi si kwamba hatuwezi, halmashauri inayopanga ardhi yake inaruhusiwa kulinda zaidi ya 60 pale panapohitaji.

Haya, sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Kwa nini watu wanajenga mtoni wakati sheria ipo?

Msiseme ni ujinga. Kiwanja cha mtoni ni rahisi. Hakijapimwa, kwa hiyo hakina gharama za kupimwa. Maji ya kufyatulia tofali yapo hapohapo, bustani ya mchicha na figiri inakubali mwaka mzima. Muuzaji anapima kwa hatua, mnaandikishana kwenye karatasi mbele ya mashahidi wawili, umekuwa mwenye nyumba. Mtu aliyehamia mjini na laki chache mfukoni atakwenda wapi? Anayeumia na choo chake hamuoni, yuko chini huko. Na yeye mwenyewe anakunywa maji yanayotoka kwa mwingine aliye juu yake. Sote tuko chini ya mtu fulani.

Halafu kuna historia, na kwa watu wa milima hii historia haijalala. Kuanzia mwaka 1950 hivi, serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Lengo lake lilikuwa kuzuia udongo usimomonyoke na mito isijae tope. Ukiusoma leo utasema, mbona ni mzuri? Walilazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ya shuruti, ukikataa faini. Na matuta yenyewe sehemu nyingi yalifukua udongo mbaya wa chini ukaja juu, mazao yakadumaa. Watu wakachoka. Mwaka 1955 zikatokea ghasia upande wa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Babu zenu wengine waliyaona hayo kwa macho. Kwa hiyo afisa akipanda leo na karatasi yake kusema "tumekuja kulinda vyanzo vya maji", wazee wanamtazama tu. Wanajua mwanzo wa hadithi hiyo.

Hapo nataka niwasafirishe mbali, mpaka New York. Msicheke, wale nao walipigwa na kipindupindu. Mwaka 1832 kiliua watu kama 3,500 katika mji ambao wakati huo ulikuwa na watu robo milioni hivi. Visima vya mji vilikuwa vimeoza. Wakajenga mfereji kutoka mto Croton, maji yakafika mjini mwaka 1842. Mji ukakua, Croton haukutosha, wakaenda mbali zaidi kwenye milima ya Catskill, na baadaye mto Delaware, mpaka umbali wa kilomita 200. Walizamisha vijiji kujenga mabwawa. Bwawa la Ashokan peke yake, lililokamilika mwaka 1915, lilihamisha watu kama 2,000, na wajukuu wao walikuwa bado wanaununia mji.

Mwaka 1989 serikali kuu ya Marekani ikaweka kanuni mpya: miji yote inayotumia maji ya mito na mabwawa ijenge mitambo ya kuchuja, isipokuwa ule utakaothibitisha kwamba kidakio chake kinalindwa. New York wakapiga hesabu. Mtambo wa kuchuja maji yote ya Catskill na Delaware ungegharimu dola kati ya bilioni 6 na 8, na mamia ya milioni kila mwaka kuuendesha. Kulinda ardhi kungegharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Basi mji ukaandika masharti makali mwaka 1990 ukawapelekea watu wa milimani. Mnafikiri wale walisemaje? Walisema yaleyale ya Matombo. Kwamba mlituchukulia mashamba ya babu zetu, leo mnatuambia tusijenge ghala kwa ajili ya chai yenu? Wakaenda mahakamani.

Ikachukua miaka ya kukaa mezani. Januari 1997 wakatia saini mapatano. Upande mmoja, masharti yapo: huwezi kuweka sakafu, paa au lami mpya ndani ya futi 100, yaani mita 30 hivi, kutoka kijito, wala ndani ya futi 300, mita 90 hivi, kutoka bwawa, shimo la maji machafu nalo lina umbali wake wa namna hiyo hiyo. Lakini upande wa pili mji ulikubali kulipa. Unanunua ardhi kwa bei ya soko, kwa mtu anayetaka kuuza tu, hakuna kunyang'anya. Ardhi ikishanunuliwa, mji unaendelea kuilipia kodi kwa halmashauri ya kule, wasipoteze mapato. Unatengeneza maelfu ya mashimo ya choo yaliyoharibika. Unamsaidia mfugaji kujenga uzio ng'ombe wasiingie mtoni. Mpaka leo sehemu kubwa ya maji ya New York, yanayonywewa na watu karibu milioni 9 pamoja na miji ya jirani, hayapiti kwenye chujio. Yanatiwa klorini na kupigwa mwanga wa kuua vijidudu, basi.

Na wale wa Croton, ule mto wa kwanza? Kule mji ulichelewa. Vitongoji vya matajiri vilishajengwa, barabara, maduka, viwanja vya magari. Wakalazimika kujenga mtambo wa kuchuja, ukaanza kazi mwaka 2015, gharama zikapita dola bilioni 3. Mji mmoja, vidakio viwili, kimoja kililindwa na kingine hakikulindwa. Mwalimu wa hesabu akiwa humu atawasaidia kutoa.

Sisi hatuna dola za New York, najua. Lakini hilo jambo limejaribiwa hapahapa. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalifanya mpango na wakulima wa Kibungo Juu, huko huko Uluguru kunakoanzia Ruvu. Mkulima aliyechimba matuta, akapanda miti, akaacha kulima ukingoni, alilipwa. Fedha zilitoka kwa wanaotumia maji huko chini: DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam wakati ule, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Matuta yaleyale ya mwaka 1950! Safari hii mtu aliyachimba kwa hiari kwa sababu kuna kinachorudi nyumbani. Malipo yalikuwa madogo na mradi ni mradi, una mwanzo na mwisho. Upande wa Tanga pia, wakulima wa bonde la mto Zigi, unaojaza Bwawa la Mabayani linalonywesha mji, wana umoja wao wa kuhifadhi, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikishirikiana nao. Mimi naamini senti chache katika kila bili ya maji ya Dar es Salaam na Morogoro, zikipanda mlimani kila mwezi bila kusubiri mfadhili, zingefanya kazi kuliko greda. Haya ni maoni yangu, msimpelekee bosi wangu.

Haya, maswali. Dada wa mbele.

MWANAFUNZI: Shikamoo mwalimu. Kama tukichemsha maji, si inatosha? Ya nini kuwasumbua watu wa mlimani?

Marahaba. Swali zuri. Kuchemsha kunaua vijidudu, hilo endelea nalo. Lakini kuchemsha hakuondoi dawa za mashambani wala naitreti ya mbolea na vyoo. Ukichemsha maji yenye naitreti, maji yanapungua na naitreti inabaki palepale, kwa hiyo imezidi ukali, na kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya chupa ni hatari, damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Halafu, unachemshia nini nyumbani kwenu? Mkaa. Na mkaa unatoka wapi? Mnaona sasa mnacheka. Tunakata mti uliokuwa unasafisha maji ili tupate moto wa kuyasafishia.

MWANAFUNZI: Mimi mjomba wangu amejenga karibu na mto, kama mita 40. Amekaa miaka mingi, hata hiyo sheria ya 2004 ilimkuta. Je, abomolewe?

Asante kwa kusema mbele ya watu, wengi humu mna mjomba kama huyo. Mimi si hakimu, na suala la nyumba moja moja halijibiwi kwenye mkutano. Aende ofisi ya ardhi ya manispaa, aende na ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu hapa mjini, apeleke karatasi zake zote, aonyeshe alikaa tangu lini. Asisubiri alama ya X ukutani ndipo aanze kutafuta karatasi. Na kama kuna watu wengi wa zamani hapo, waende pamoja, waandike barua moja. Aliyekuwepo kabla ya sheria na aliyenunua mwaka jana akijua, kwangu mimi hawa si watu wa kutendewa sawasawa, na wapangaji wa mji wanapaswa kuwatofautisha.

Kwa upande wangu wa afya, mjomba asingoje mtu. Choo kwanza. Kama kiko upande wa mtoni akihamishie upande wa juu wa kiwanja, asichimbe mpaka akutane na maji, na kama maji yako karibu ajenge kilichonyanyuliwa juu ya ardhi. Ukingo auache uote matete, asifyeke eti nyoka. Ng'ombe wanywe kwenye pipa, siyo mtoni. Na asimkatie mtu mwingine kipande cha kiwanja. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana shida ikija kipande ndicho kinachouzwa.

MWANAFUNZI: Sisi klabu tungependa kupima mto wetu. Mita 60 zinaanzia wapi, kwenye maji au wapi?

Umegusa penyewe, watu wazima wanagombana juu ya hilo. Sheria inahesabu kutoka ukingo wa mto, siyo kutoka maji yalipo siku hiyo. Mkipima Septemba kutoka kwenye maji, mtaruhusu nyumba ambayo Aprili itakuwa ndani ya mto. Tafuteni mstari wa masika: tazameni takataka zilizonasa kwenye vichaka na udongo uliochimbika ukingoni, halafu muulizeni mzee wa hapo maji yalifika wapi mvua ikiwa kubwa. Anzieni hapo.

Chukueni kamba ya mita 20, mpime mara tatu kwenda moja kwa moja kutoka mtoni, msifuate njia inayopinda. Wawili wawe na daftari. Andikeni mlichokikuta tu: choo, bustani, zizi, karakana ya kuoshea pikipiki, miti. Majina ya watu msiandike, hatuendi kumshitaki mtu, mtafukuzwa na mbwa bure. Mkishapima vipande kama vitano vya mto, chora ramani, mpeleke kwa mtendaji wa kata na kuomba awaonyeshe mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo lile, mlinganishe. Akisema mpango haupo, andikeni tarehe na jibu lake. Nakala moja mniletee mimi, na mwalimu awapigie simu watu wa bonde kabla hamjaenda, ili mtaalamu mmoja atembee nanyi. Na mvae viatu vilivyofungwa, siyo kandambili. Humo ukingoni mna chupa zilizovunjika, na kwenye maji yaliyotuama msiingie, kuna kichocho.